Nishani ya Lenin: Heshima kuu ya dola lililotoweka

MSAFIRI anayeshika barabara ya Namanga kutoka Kitengela hupita Isinya, mji wa Kajiado na Bissil kabla ya kuufikia mpaka. Akishavuka, hana safari ndefu tena kabla ya kuingia Arusha, mji ulioupa jina lake Azimio la Februari 1967, ambalo liliielekeza Tanzania kwenye siasa ya Ujamaa.

Kwa wakazi wa Kajiado, kwa hivyo, nchi iliyojitangaza kuwa ya kijamaa haikuwa habari ya mbali iliyosikika redioni pekee. Ilikuwa jirani wa ng'ambo ya mpaka, na familia nyingi za Wamaasai zilikuwa na jamaa zao pande zote mbili. Mwasisi wa siasa hiyo, Mwalimu Julius Kambarage Nyerere, ni miongoni mwa viongozi wa Afrika waliotunukiwa tuzo ya kimataifa yenye jina la Vladimir Lenin.

Jina hilo hilo lilibebwa na nishani ya juu kabisa ya Muungano wa Kisovieti, dola lililoongoza kambi ya kijamaa duniani hadi lilipovunjika Desemba 1991. Nishani ya Lenin ilitolewa kwa muda wa miaka 61. Ilivaliwa na marubani, wakulima, wanasayansi, majenerali na marais. Leo hakuna serikali inayoitoa, wala dola lililoibuni halipo.

Je, nishani hiyo ilikuwa nini hasa? Nani waliivaa, ilifikaje Afrika, na heshima hubaki na thamani gani pindi mwenye kuitoa anapotoweka?

Chimbuko lake

Nishani ya Lenin ilianzishwa tarehe 6 Aprili 1930, miaka sita baada ya kifo cha kiongozi huyo wa Mapinduzi ya Oktoba ya 1917. Wakati huo Josef Stalin alikuwa amekwisha kuyashika madaraka. Nchi ilikuwa katika mpango wake wa kwanza wa maendeleo wa miaka mitano, viwanda vikijengwa kwa haraka na mashamba ya wakulima yakiunganishwa, mara nyingi kwa nguvu, kuwa mashamba ya pamoja.

Serikali ilihitaji njia ya kuwatuza waliotimiza malengo ya mpango huo. Mishahara mikubwa na mali binafsi havikulingana na itikadi yake, kwa hivyo heshima ya umma ilipewa uzito mkubwa. Mtu alivishwa nishani kifuani, jina lake likachapishwa magazetini, na jamii nzima ikaelezwa kwamba huyo ndiye mfano wa kuigwa.

La kuvutia kwa msomaji wa magazeti ni kwamba wa kwanza kuipata hakuwa mtu. Lilikuwa gazeti la vijana, Komsomolskaya Pravda, lililotunukiwa tarehe 23 Mei 1930. Tangu mwanzo, basi, nishani hiyo iliweza kupewa mtu mmoja, kiwanda, kikosi cha jeshi, chuo, mji au hata jimbo zima. Mji wa Leningrad, ambao siku hizi umerudia jina lake la St Petersburg, uliipata Januari 1945 baada ya kustahimili mzingiro wa majeshi ya Ujerumani uliodumu karibu siku 900.

Sura ya nishani

Umbo la nishani lilibadilishwa mara kadhaa. Lile lililojulikana zaidi lilikuwa duara la dhahabu lenye picha ya Lenin upande, likizungukwa na masuke ya ngano. Juu yake palikuwa na bendera nyekundu iliyoandikwa jina lake kwa herufi za Kirusi, pembeni nyota nyekundu, na chini alama ya nyundo na mundu: nyundo ikiwa ishara ya mfanyakazi wa kiwandani na mundu ishara ya mkulima.

Picha ya Lenin ilitengenezwa kwa platini, madini ya thamani kama dhahabu. Kila nishani ilikuwa na takriban gramu 28 za dhahabu safi na karibu gramu 3 za platini. Kuanzia mwaka 1943 ilining'inizwa kwenye utepe mwekundu wenye michirizi ya rangi ya dhahabu, na ilivaliwa upande wa kushoto wa kifua, juu ya nishani nyingine zote.

Nishani, cheo na tuzo

Watu wengi huchanganya heshima tatu za Kisovieti zinazofanana kwa majina. Ni vyema kuzitenganisha.

Ya kwanza ni Nishani ya Lenin yenyewe, iliyokuwa ya juu kabisa katika safu ya nishani zote za nchi hiyo.

Ya pili ni cheo cha Shujaa wa Muungano wa Kisovieti, kilichoanzishwa tarehe 16 Aprili 1934. Hicho ndicho kilichokuwa kilele cha heshima yote kwa tendo la ushujaa. Aliyekipata alivishwa Nishani ya Lenin, na kuanzia mwaka 1939 alipewa pia medali ya Nyota ya Dhahabu. Wa kwanza kukipata walikuwa marubani saba waliowaokoa watu wa meli Chelyuskin, ambayo ilizama baada ya kubanwa na barafu katika bahari ya kaskazini. Abiria na mabaharia 104 walinusurika. Mwaka 1938 kilianzishwa cheo kinacholingana nacho kwa upande wa uzalishaji, cha Shujaa wa Kazi ya Kijamaa, nacho pia kiliandamana na Nishani ya Lenin.

Ya tatu ni Tuzo ya Amani ya Lenin. Hii ilikuwa ya kimataifa na ilitolewa na jopo maalumu kwa watu wa mataifa mbalimbali, nyingi zikiwaendea raia wa nchi za nje. Ilianza mwaka 1949 kwa jina la Stalin. Baada ya Nikita Khrushchev kuyafichua maovu ya Stalin mwaka 1956, tuzo hiyo ilibadilishwa jina, na waliokuwa wameipata hapo awali wakaombwa kurudisha medali za zamani ili wapewe mpya zenye sura ya Lenin.

Waliovishwa

Hadi dola hilo linavunjika, Nishani ya Lenin ilikuwa imetolewa zaidi ya mara 431,000. Idadi hiyo ni kubwa kwa heshima iliyokusudiwa kuwa ya juu kuliko zote, ingawa baadhi ya watu waliipata mara nyingi. Nikolai Patolichev, aliyekuwa waziri wa biashara ya nje kwa miaka mingi, alivishwa mara 12. Hakuna aliyemfikia.

Miongoni mwa waliovishwa alikuwemo Yuri Gagarin, binadamu wa kwanza kufika anga za juu, Aprili 1961. Walikuwemo pia maelfu ya askari waliopigana katika Vita vya Pili vya Dunia, ambavyo viliwaua raia na wanajeshi wa Kisovieti wanaokadiriwa kuwa milioni 27. Zaidi ya watu 11,000 walipewa cheo cha Shujaa kwa ajili ya vita hivyo, baadhi yao wakiwa wameshakufa.

Hata hivyo, kifua kilichojaa nishani hakikuwa kinga. Jenerali Mikhail Tukhachevsky alivishwa Nishani ya Lenin mwaka 1933, na mwaka 1935 akapandishwa cheo kuwa miongoni mwa majemadari watano wa kwanza wa nchi hiyo. Juni 1937 alipigwa risasi kwa amri ya serikali ile ile iliyomtukuza, akidaiwa kuwa msaliti. Baadaye, wakati wa Khrushchev, serikali hiyo ilikiri kwamba mashtaka hayo yalikuwa ya uongo.

Upande wa pili wa mizani kuna kisa cha Ramón Mercader, Mhispania aliyemuua Leon Trotsky kwa shoka la barafu jijini Mexico City mwaka 1940. Alitumikia kifungo cha miaka 20, na alipoachiliwa mwaka 1960 akapewa kwa siri cheo cha Shujaa wa Muungano wa Kisovieti pamoja na Nishani ya Lenin. Nishani iliyotundikwa kifuani mwa rubani aliyeokoa maisha ikatundikwa pia kifuani mwa muuaji.

Heshima yafika Afrika

Nchi za Afrika zilipoanza kujipatia uhuru, Moscow na Washington zilishindana kutafuta marafiki barani. Ushindani huo ulionekana katika mikopo, silaha, nafasi za masomo na majengo. Kenya haikuwa nchi ya kijamaa kwa mtindo wa Kisovieti, ingawa waraka wa sera wa mwaka 1965 ulitumia jina la Ujamaa wa Kiafrika. Hata hivyo, vijana wake walipelekwa kusoma Moscow, na hospitali kubwa ya Kisumu iliyofunguliwa mwaka 1969 kwa msaada wa Wasovieti ingali ikiitwa na wengi 'Russia'.

Nishani nazo zilikuwa sehemu ya ushindani huo. Mapema zaidi, mwaka 1959, Mfalme Haile Selassie wa Ethiopia alivishwa Nishani ya Suvorov ya daraja la kwanza alipozuru Moscow. Ilikuwa nishani ya kijeshi, naye alikuwa mfalme, wala si mjamaa. Siasa ya mambo ya nje haikujali tofauti hiyo.

Mwaka 1964 heshima ya juu kabisa ilivuka Bahari ya Kati. Aprili mwaka huo Ahmed Ben Bella, rais wa kwanza wa Algeria, alifanywa Shujaa wa Muungano wa Kisovieti. Mwezi uliofuata Khrushchev alizuru Misri kushuhudia maji ya Mto Nile yakigeuzwa mkondo wakati wa ujenzi wa Bwawa Kuu la Aswan. Marekani na Uingereza zilikuwa zimeondoa ahadi zao za kufadhili bwawa hilo mwaka 1956, na Wasovieti wakachukua nafasi hiyo. Katika ziara hiyo Rais Gamal Abdel Nasser naye alipewa cheo cha Shujaa, Nyota ya Dhahabu na Nishani ya Lenin. Raia wengi wa Kisovieti walinung'unika: ni tendo gani la ushujaa alilolitendea nchi yao?

Tuzo ya Amani ya Lenin nayo iliwafikia Ahmed Sékou Touré wa Guinea, Kwame Nkrumah wa Ghana na Modibo Keita wa Mali katika miaka ya mwanzo ya 1960, kisha Samora Machel wa Msumbiji na Agostinho Neto wa Angola katikati ya miaka ya 1970.

Heshima hizo hazikuwapa viongozi hao ulinzi wowote nyumbani. Ben Bella alipinduliwa Juni 1965, Nkrumah Februari 1966 na Keita Novemba 1968. Misri nayo, chini ya Anwar Sadat aliyemrithi Nasser, iliwafukuza washauri wa kijeshi wa Kisovieti mwaka 1972. Urafiki ulionunuliwa kwa dhahabu ya kifuani ulidumu kadiri maslahi yalivyodumu.

Mwalimu na Mandela

Nyerere alitajwa miongoni mwa washindi wa Tuzo ya Amani ya Lenin ya mwaka 1985 na 1986, kipindi ambacho alikuwa ameng'atuka urais, Novemba 1985. Wakati huo Mikhail Gorbachev alikuwa ameanza mageuzi yake Moscow.

Yafaa kukumbuka kwamba Ujamaa wa Nyerere haukuwa nakala ya ukomunisti wa Kisovieti. Tanzania ilikuwa mwanachama wa jumuiya ya nchi zisizofungamana na upande wowote. Reli ya Tazara, mradi wake mkubwa kuliko yote, ilijengwa na China, ambayo wakati huo ilikuwa hasimu wa Moscow. India ilikuwa imempa Nyerere tuzo ya Nehru, na shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi likampa medali ya Nansen mwaka 1983 kwa jinsi nchi yake ilivyowapokea wakimbizi.

Waliomtuza walikuwa na itikadi zisizofanana, lakini matendo waliyoyatazama yalikuwa wazi kwa kila mtu. Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika ilikuwa na makao yake Dar es Salaam tangu mwaka 1963, na wapiganiaji uhuru wa Msumbiji, Zimbabwe, Namibia na Afrika Kusini walipata hifadhi Tanzania. Mtu anaweza kuukosoa Ujamaa kwa jinsi ulivyowahamisha wanakijiji na kudhoofisha uchumi, wakosoaji wa aina hiyo wakiwemo Watanzania wenyewe. Lakini mchango huo wa ukombozi hauhitaji muhuri wa Moscow ili uaminike.

Kisa cha Nelson Mandela kinaonyesha jambo hilo kwa namna nyingine. Alitajwa mshindi wa Tuzo ya Amani ya Lenin mwaka 1990, mwaka aliotoka gerezani baada ya miaka 27. Kabla hajakabidhiwa, dola lililomtunuku likavunjika. Alikuja kuipokea mwaka 2002, miaka kumi na zaidi baada ya bendera nyekundu kuteremshwa Kremlin. Aliyetunukiwa ndiye aliyeipa tuzo hiyo uzito siku hiyo, kwani mtoaji hakuwepo tena.

Heshima ilipopungua

Kushuka kwa thamani ya nishani za Kisovieti kulianza kabla ya dola lenyewe kuanguka. Leonid Brezhnev, aliyeongoza tangu 1964 hadi kifo chake Novemba 1982, alipenda nishani mno. Alipewa cheo cha Shujaa wa Muungano wa Kisovieti mara nne, zote akiwa madarakani. Wananchi walitunga vichekesho kuhusu kifua chake kisichokuwa na nafasi ya nishani nyingine.

Mwaka 1978 alivishwa Nishani ya Ushindi, heshima ya kijeshi ya juu kabisa iliyowekwa mwaka 1943 kwa makamanda waliobadili mkondo wa vita. Waliokuwa nayo ni watu kama Georgy Zhukov na, kutoka upande wa washirika, Jenerali Dwight Eisenhower wa Marekani. Brezhnev hakuwahi kuongoza mapambano ya kiwango hicho. Septemba 1989 serikali ilimvua nishani hiyo, miaka karibu saba baada ya kuzikwa.

Baada ya 1991

Nishani ya Lenin ilitolewa kwa mara ya mwisho Desemba 1991, siku chache tu kabla ya Muungano wa Kisovieti kukoma. Urusi ilianzisha cheo cha Shujaa wa Shirikisho la Urusi mwaka 1992. Mwaka 1998 ikafufua Nishani ya Mtakatifu Andrea, iliyoanzishwa na mfalme Peter Mkuu karne tatu zilizotangulia, kuwa heshima yake ya juu kabisa. Nchi iliyokuwa imewapindua wafalme ikazirudia nishani zao.

Kwa wazee waliovishwa nishani za zamani, miaka ya 1990 ilikuwa migumu. Bei zilipanda, malipo ya uzeeni yakapoteza thamani, na wengine wakalazimika kuuza nishani zao. Sheria ya Urusi inakataza biashara ya nishani za serikali, lakini nyingi zilivushwa mipaka na kuishia mikononi mwa wakusanyaji wa vitu vya kale katika nchi za magharibi. Huko Nishani ya Lenin hupewa bei kwa kutazama dhahabu yake, namba iliyochongwa mgongoni na hati za mwenyewe. Yenye hati zinazoeleza aliyeivaa na alilolitenda huuzwa ghali kuliko isiyo na hati.

Funzo kwa Kenya

Kenya nayo ina safu yake ya nishani. Ya juu kabisa ni ya Moyo wa Dhahabu, ikifuatwa na ya Mkuki Uwakao, jina lililotokana na lakabu ya Mzee Jomo Kenyatta. Herufi za nishani hizo, kama vile EGH, CBS, EBS na MBS, pamoja na OGW na HSC, huandikwa baada ya majina ya watu kwenye kadi za mialiko, mabango na matangazo ya vifo.

Msomaji wa Kajiado ana sababu ya kuzitazama herufi hizo kwa makini. Herufi M katika MBS husimamia neno morani, lililotoka katika lugha ya Kimaasai. Katika jamii hiyo umorani hupatikana kwa kupitia rika na kulinda jamii na mifugo yake mbele ya macho ya wote. Hakuna anayekuwa morani kwa kutajwa katika orodha. Taifa lilipoliazima neno hilo liliazima pia maana yake.

Katiba ya 2010, katika kifungu cha 132, inasema Rais hutoa heshima hizo kwa niaba ya wananchi na ya Jamhuri. Sheria ya mwaka 2013 kuhusu nishani za kitaifa inazungumzia sifa kama ushujaa, kujitolea, uzalendo na uongozi. Hata hivyo, orodha inapotangazwa, mara nyingi huzuka mjadala kuhusu majina fulani: je, huyu alitenda nini?

Swali hilo si la utovu wa adabu. Ndilo waliloliuliza Wasovieti kuhusu Nasser na kuhusu Brezhnev, wakati ambapo kuuliza hadharani kulikuwa hatari. Ikiwa nishani hutolewa kwa niaba ya wananchi, basi wananchi wana haki ya kuelezwa tendo lililotunukiwa, kwa maneno mafupi na wazi, kando ya kila jina. Maelezo hayo ndiyo yatakayosomwa na wajukuu wakati waliotoa na waliopokea hawapo.